Ua ni Kazi ya Jani

Chuma kitawi cha bogenvilia iliyochanua, ile ya zambarau kali, ukitazame kwa karibu. Vile vipande vitatu vyembamba vyenye rangi, ambavyo karibu kila mtu huviita petali, vina mshipa mkuu katikati na mishipa midogo inayotawanyika pembeni, na vina ncha. Ni majani. Maua yenyewe ni vile vimirija vitatu vyeupe vilivyojibanza katikati, kila kimoja kimeshikamana na jani lake la rangi. Ni vidogo hata mtu anaweza kupanda bogenvilia, akaimwagilia miaka na miaka, asiwahi kuliona ua lake.

Naanza na mmea huu kwa sababu unaweka wazi jambo ambalo mimea mingi hulificha. Tumezoea kulisifu ua na kulipita jani. Ua hupigwa picha na kutungiwa mashairi, jani likaachwa kuwa mapambo ya pembeni. Naamini heshima hiyo tumeigawa vibaya. Jani ndilo hulipa gharama zote za ua, ndilo huamua siku ya kuchanua, na ukifuatilia hadi ndani ya seli utakuta ua lenyewe limeumbwa kutokana nalo. Anayetaka kulielewa ua hana budi aanze na jani.

Kulielewa jani kumewachukua watu karne kadhaa. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mmea hula udongo, na ukiutazama mzizi uliojichimbia ardhini ni rahisi kuona kwa nini. Katika karne ya 17, tabibu Jan Baptist van Helmont, wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliamua kupima. Alikausha udongo, akaupima, akautia kwenye chombo kikubwa na kupanda humo mche wa mwerebi. Kwa miaka 5 akawa anautilia maji tu. Mwishowe mti ulikuwa umeongezeka kiasi cha kilo 74, na udongo ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alihitimisha kwamba mti umetengenezwa kwa maji. Alikosea nusu, lakini nusu nyingine ilitosha kuing'oa imani ya kwamba udongo ndio chakula.

Nusu iliyobaki ilikuwa hewani. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliona kwamba tawi la mnanaa likiwekwa ndani ya chombo kilichofungwa ambamo mshumaa umezimika, baada ya siku kadhaa mshumaa unaweza kuwaka tena humo. Mwaka 1779 Mholanzi Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba jambo hilo hutokea penye mwanga tu, na ni kazi ya sehemu za kijani peke yake. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva akapima kwa mizani na kuthibitisha kwamba mmea hujijenga kwa hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, pamoja na maji. Mlango wa mbao, kamba ya katani, karatasi ya daftari: sehemu kubwa ya uzito wa vitu hivi iliwahi kuwa hewa. Hadi leo, kila ninapoegemea shina la mti mkubwa, wazo hili hunishangaza upya.

Na hewa hiyo ya ukaa ni haba. Katika kila molekuli 10,000 za hewa tunayovuta, kama 4 tu ndizo za kabonidioksidi. Jani linapaswa kuzinasa hizo nne. Kwa hiyo ni pana ili lipate mwanga, na ni jembamba ili hewa isiwe na safari ndefu ndani yake. Upande wa juu limepakwa nta inayozuia maji kutoka, na chini ya ngozi hiyo zimepangwa seli ndefu zilizosimama wima zikiwa zimejaa klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Chini ya hizo kuna seli zilizoachana achana, kati yake nafasi za hewa. Na upande wa chini, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, ndipo penye vitundu vingi vya kuingizia hewa, vinavyoitwa stomata.

Ukiwa na hadubini ya kawaida unaweza kuviona. Paka upande wa chini wa jani rangi ya kucha isiyo na rangi, yaani ile inayopitisha mwanga, isubiri ikauke kabisa, kisha ibandue kwa utepe wa plastiki unaopitisha mwanga. Utakachobandua ni chapa ya ngozi ya jani. Iweke chini ya lenzi na utaona midomo mingi isiyohesabika, kila mmoja umezungukwa na seli mbili zilizopinda. Sijui kitu kingine kinachobadilisha mtazamo wa mtu kuhusu mimea kwa haraka namna hii.

Seli hizo mbili ndizo walinzi wa mlango. Kuta zake zimezungushiwa nyuzi zinazozizuia kunenepa, hivyo maji yakiingia ndani zinachoweza kufanya ni kurefuka, na kwa kuwa zimeshikana kwenye ncha, kurefuka huko huzipinda na kufungua tundu katikati. Kinachoyavuta maji kuingia ni potasiamu, ambayo seli huisukuma ndani kwa nguvu alfajiri mwanga unapoanza. Jua likiwa kali na mizizi ikikosa maji, kemikali iitwayo asidi ya absisiki hutoa ishara, potasiamu hutoka, maji huifuata, na seli hunywea. Tundu hufungwa. Hakuna ubongo wala mshipa wa fahamu hapo. Ni chumvi na maji tu.

Hapa ndipo pana shida kubwa ya maisha ya mmea, na nadhani haisemwi vya kutosha. Jani likifungua mlango ili hewa ya ukaa iingie, mvuke wa maji hutoka kupitia mlango huohuo. Kwa mimea mingi, kila molekuli moja ya kabonidioksidi inayonaswa hugharimu mamia ya molekuli za maji. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani kupitia majani. Likifunga mlango, halitakauka, lakini halitakula. Mmea uliosimama juani saa sita mchana hauko kwenye mapumziko. Unapima, kwa kila tundu, kati ya njaa na kiu.

Hata hivyo maji yanayopotea yana kazi. Yanapotoka jani huvuta mengine nyuma yake, molekuli imeshikilia molekuli, mfululizo usiokatika kuanzia ncha ya mzizi. Henry Dixon na John Joly walieleza hivyo mwaka 1894, na maelezo yao bado yanasimama. Kuna miti ya sekoya huko California inayozidi mita 110, na maji hufika kileleni bila pampu yoyote. Anayevuta ni jani.

Ndani, klorofili hufyonza mwanga mwekundu na wa buluu, na sehemu kubwa ya mwanga unaorudi machoni petu ni wa kijani. Nguvu ya mwanga uliofyonzwa hupasua molekuli za maji. Oksijeni tunayovuta ni mabaki ya maji hayo yaliyopasuliwa; haitoki kwenye kabonidioksidi kama ilivyodhaniwa zamani, na mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen pamoja na wenzao walilithibitisha hilo kwa kutumia oksijeni nzito, yaani ile ambayo atomi zake zina uzito kuliko za kawaida. Kisha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali, kiitwacho rubisko huishika kabonidioksidi na kuianzishia safari ya kuwa sukari. Rubisko hufanya kazi polepole mno. Wakati vimeng'enya vingine hushughulikia maelfu ya molekuli kwa sekunde, chenyewe hushughulikia chache tu, na mara kwa mara hushika oksijeni badala ya kabonidioksidi. Mmea hufidia kwa kutengeneza rubisko kwa wingi, na ndiyo sababu kimeng'enya hiki ni miongoni mwa protini zilizo nyingi zaidi duniani. Mahindi, mtama na miwa imepata njia nyingine: huikusanya kwanza hewa ya ukaa na kuisongamanisha kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, ili rubisko isipate nafasi ya kukosea. Mnanasi, mkonge na mpungate hufungua stomata usiku, wakati hewa imepoa, huhifadhi kaboni katika asidi, na mchana huitumia milango ikiwa imefungwa. Ndiyo maana majani ya baadhi ya mimea ya namna hii huwa na uchachu zaidi alfajiri kuliko jioni.

Sukari ndiyo mshahara, na sehemu yake ndiyo itakayojenga ua. Lakini kwanza lazima ijulikane ni lini.

Jani linajua saa. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan alikichukua kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa, akauweka gizani. Kwa kawaida majani yake hufunguka mchana na kujikunja usiku. Gizani yakaendelea kufunguka na kujikunja kwa wakati uleule. Mmea haukuwa unafuata jua tu, ulikuwa na saa yake ndani.

Karibu karne mbili baadaye, Marekani, Wightman Garner na Harry Allard walikuwa na tatizo la tumbaku. Aina moja ilikuwa ikirefuka majira yote ya kiangazi, jani juu ya jani, bila kutoa ua hata moja, ila ikihamishiwa kwenye nyumba ya vioo wakati wa baridi ilichanua. Walijaribu kubadilisha joto, maji, mbolea. Mwishowe wakaanza kuiingiza mimea kwenye kibanda chenye giza kabla ya jioni, ili ione siku fupi. Ikachanua. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1920. Baadaye ikagundulika kwamba kinachopimwa hasa ni urefu wa usiku. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha kwamba mmea unaohitaji usiku mrefu ukimulikwa kwa muda mfupi katikati ya giza, hesabu inavurugika na ua halitokei. Taa inayowaka usiku kucha karibu na mimea ya aina hiyo inaweza kuinyima maua kwa njia hiyohiyo.

Kinachonivutia zaidi ni nani anayehesabu. Ua huzaliwa kwenye ncha ya shina, kwa hiyo ungetarajia ncha ndiyo ipime usiku. Majaribio yalikataa. Kwenye mmea mmoja uliochunguzwa sana wa jamii ya alizeti, ilitosha jani moja tu kufunikwa gizani kwa muda unaotakiwa, na mmea mzima ukatoa maua. Ncha ikifunikwa peke yake, hakuna kitu. Mwaka 1937 Mikhail Chailakhyan, akifanya kazi Muungano wa Kisovyeti, alitoa hoja kwamba jani hutuma ujumbe wa kikemikali kwenda kwenye ncha, na akauita florijeni. Wengi waliutafuta wasiupate, hadi baadhi wakaanza kutilia shaka kama upo. Mwaka 2007 makundi ya watafiti wa mimea, mojawapo likifanya kazi na mpunga, yakaonyesha ni protini ndogo inayotengenezwa kwenye mishipa ya jani na kusafiri pamoja na sukari hadi kwenye ncha ya shina. Ikifika, ncha iliyokuwa ikitoa majani hubadili kazi.

Na hubadili kazi kwa maana halisi. Mwaka 1790, Goethe, mshairi wa Ujerumani aliyekuwa pia mchunguzi wa mimea, aliandika kwamba sehemu zote za ua ni jani katika sura tofauti. Alikuwa ametazama maua yaliyokosea njia, waridi zenye jani pale palipotakiwa petali, na akayachukulia kama ushahidi. Nampenda kwa hilo. Wengi wangeyaona maua hayo kuwa ni kasoro tu. Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza utaratibu huo kwa lugha ya jeni. Kuna makundi matatu ya jeni, wakayaita A, B na C. Katika mzunguko wa nje wa ua hufanya kazi A peke yake, na hapo hutokea sepali, vile vijani vya kijani vinavyolifunika tumba. Mzunguko unaofuata una A na B, hutokea petali. Kisha B na C, hutokea stameni, viungo vya kiume vyenye chavua. Katikati kabisa ni C peke yake, na hapo hujengwa chumba cha mbegu. Kundi moja likiharibika, sehemu hubadilishana nafasi. Waridi za bustani zenye petali tele ni mfano: waridi pori kwa kawaida lina petali 5, na zile nyingine ni stameni zilizoelekezwa kuwa petali. Makundi yote matatu yakizimwa, pale palipopaswa kuwa na ua hujipanga majani matupu, mzunguko baada ya mzunguko.

Petali, basi, ni jani lililoacha kula. Limepoteza klorofili na kubeba rangi badala yake. Ngozi yake imebadilika pia: kwa maua mengi seli za juu ya petali zimechongoka, nazo humpa nyuki mahali pa kushika miguu na huifanya rangi ionekane nzito zaidi. Kwa nini jani likubali kuacha chakula? Kwa sababu mmea hauwezi kutembea kwenda kumtafuta mwenzake. Lazima umtume mjumbe, na mjumbe hulipwa.

Malipo ni mbochi, yaani maji matamu ya ua, na ni sukari ileile ya jani, imetolewa kwa hesabu. Ikiwa kidogo mno, nyuki hatarudi. Ikiwa nyingi mno, atashiba kwenye ua moja na hatakwenda la pili, na chavua haitafika popote. Tangazo nalo huandikwa kwa macho ya msomaji. Nyuki haoni wekundu vizuri lakini huona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na maua mengi yanayoonekana ya rangi moja kwetu yana kwake mistari inayoelekeza kwenye mbochi. Ndege huona wekundu, na maua yanayowategemea ndege mara nyingi ni mekundu na hayana harufu ya maana. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama likiwa jeupe na lenye harufu kali, maana popo huja usiku. Ua la nyanya halina mbochi kabisa. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijimfuko vyenye tundu dogo kwenye ncha, na hutoka nyuki mkubwa anapoling'ang'ania ua na kutetemesha misuli yake hadi linavuma. Nyuki wa asali hawezi kulitetemesha hivyo.

Parachichi lina mpango wake, na kwangu huo ni mojawapo ya mipango mizuri kuliko yote. Kila ua hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza huwa la kike, tayari kupokea chavua, halafu hujifunga. Kesho yake hufunguka tena likiwa la kiume, linatoa chavua. Aina fulani za miparachichi huwa za kike asubuhi na nyingine za kike alasiri, hivyo miti ya makundi hayo mawili ikisimama karibu, mmoja hutoa wakati mwingine unapokea.

Lakini ua ambalo ningemwomba kila mtu alitazame ni la mahindi, kwa sababu hapo jani na ua hukutana waziwazi. Halina petali, kwani halimhitaji mdudu, upepo unalitosha. Mbelewele iliyo juu ndiyo maua ya kiume, nayo humwaga chembe za chavua kwa mamilioni. Maua ya kike yamo ndani ya maganda ya hindi, na kila uzi wa zile ndevu ni njia ya ua moja. Uzi mmoja, punje moja. Chembe ya chavua ikinasa kwenye uzi huota mrija unaopenya ndani yake hadi chini, pengine sentimita 30, kwa muda wa kama siku moja. Ndani ya mrija zimo seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kuwa kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Ya pili huungana na viini viwili vingine na kutengeneza akiba ya chakula ya mbegu, ambayo ndiyo unga tunaousaga. Mrusi Sergei Nawaschin aliugundua utungisho huu maradufu mwaka 1898.

Ukame ukija wakati huo, jani hufunga stomata zake. Sukari hupungua. Ndevu, ambazo zinahitaji maji na sukari ili zirefuke, huchelewa kutoka, lakini mbelewele haingoji. Inamwaga chavua yake na kuimaliza. Ndevu zinapochomoza, hewani hakuna kitu cha kuzipata. Ukimenya hindi lenye mapengo unasoma habari za jani: siku zile, milango ilifungwa.

Chavua ikifika, petali za mmea ulio nazo hudondoka, kwani hazina kazi tena, na gharama yote hurudi kwa majani yaliyo karibu. Kwenye ngano na mpunga, jani la juu kabisa, lililo chini kidogo ya suke, hutoa sehemu kubwa ya sukari inayojaza punje. Ugonjwa wa kutu ukilishambulia mapema, punje hubaki nyembamba hata kama majani ya chini ni mazima. Jani likishamaliza kulisha kwa sukari, mmea huanza kulivunja. Klorofili huharibiwa, manjano iliyokuwa imefichwa chini yake hujitokeza, na ile rubisko iliyokuwa imejaa humo huvunjwavunjwa ili naitrojeni yake isafirishwe kwenye punje. Sehemu kubwa ya protini iliyo ndani ya punje ya ngano imejengwa kwa naitrojeni iliyowahi kukaa kwenye majani yake.